Ayala Hajakunywa Bado

Mama Njeri,

Barua hii ni yako, lakini sitaitia kwenye bahasha. Nitaibandika kwenye mlango wa kanisa hapa shambani Jumapili asubuhi, ili Mzee Gathogo na kamati yake waisome kabla ya kuingia. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, lugha ya kanisani, na si kwa lugha yetu ya nyumbani. Wewe umeuzoea mwandiko wangu mbaya. Wao wakishindwa kuusoma, nitawasomea kwa sauti.

Unakumbuka lori lililotuleta kutoka Nyeri? Ulikaa juu ya magunia, Njeri mgongoni, kuku wawili miguuni, na tulipofika Burnt Forest baridi ikatupiga mpaka ukaniuliza kama nimenunua shamba au barafu. Nilikununia hadi Eldoret. Tulikuwa wanahisa wa kampuni ya kununua mashamba, na kabla ya kugawiwa vipande kila familia ilipewa mahali pa kulala katika majengo aliyoyaacha mzungu, huku upande wa Moiben. Wengine walipata zizi la ng'ombe. Sisi tulipata chumba alichokuwa akilia chakula, na ukutani alikuwa ameacha picha moja kubwa ya kuchorwa kwa rangi, fremu imeliwa na mchwa upande mmoja.

Ilikuwa picha ya mnyama wa porini ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Mkubwa, wa kahawia, manyoya mengi shingoni, na pembe zilizotoa matawi kama mti wa plamu uliopukutika majani. Ameinamisha kichwa mtoni. Wanahisa walikuja kumtazama wakacheka. Mzee Gathogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni na mzee wa kanisa kwa wakati mmoja, alisema Mungu hakuumba mnyama mwenye mti kichwani, huyo ni pepo wa wazungu. Mimi nilitaka kuivunja fremu niwashie moto. Ulisimama mbele ya picha ukaniambia nianze kwa kuchoma suruali yangu.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mhubiri mgeni. Alizungumza juu ya mnyama anayeitwa ayala, jinsi anavyoutamani mto, akasema roho ya mtu nayo humtamani Mungu hivyo hivyo. Sote tuliitikia amina bila kujua ayala ni kitu gani, maana neno hilo hatukuwahi kulisikia sokoni wala malishoni. Mmoja alisema ni swara. Mwingine alisema ni aina ya ngamia. Wewe ulirudi nyumbani, hukuvua hata kitambaa cha kichwa, ukaenda moja kwa moja kwenye picha na kuniita.

"Baba Njeri, ayala ni huyu."

Nilikucheka. Naliandika hapa wote walisome: nilikucheka mpaka nikakohoa. Nikasema basi ayala wako ameshakunywa, tupakulie nasi tule. Ukanishika mkono, ukakipeleka kidole changu pale rangi ilipovimba, kati ya mdomo na maji. Palikuwa na nafasi ya upana wa kidole kimoja.

"Hajakunywa bado," ukasema. "Ameyaona, ameyanusa, lakini hajakunywa."

Mimi niliona rangi tu. Wewe tangu siku hiyo ulisali ukiitazama nafasi ile. Ulikuwa ukitoka mtoni na debe mgongoni, alama ya kamba kwenye paji la uso, na kusimama pale hata kabla ya kuutua mzigo. Nilikuuliza kwa hasira kama sasa unamwomba mnyama. Ukanijibu kwamba humwombi, unaomba pamoja naye. Sikuelewa, na nilikuwa nawaonea aibu majirani.

Siku ya kupiga kura ya vipande, kila mwanahisa alichomoa namba yake kwenye kofia ya Mzee Gathogo. Yetu ilikuwa nzuri, karibu na barabara. Kisha Mzee akahubiri kwamba safari imekwisha, tumefika Kanani, hakuna tena cha kutamani. Watu walilia kwa furaha. Mimi pia nililia, nimekishika kikaratasi changu kwa mikono miwili. Ndipo ukainuka upande wa akina mama. Ukasema unashukuru kwa shamba na utalilima, lakini mtu akipata shamba akasema amefika, basi hakuwa akimtafuta Mungu. Ukasema hata sisi bado tuko kidole kimoja mbali na maji, kama ayala. Hakuna aliyekuitikia amina. Hata mimi sikuitikia.

Wiki mbili baadaye walikuja kusema picha ichomwe kwa kuwa ni sanamu. Sanamu gani? Ilikuwa pale ukutani mwaka mzima, na walikunywa chai yetu chini yake. Picha ilikuwa kisingizio. Kilichowachoma ni maneno yako, na kwamba yalisemwa na mwanamke siku ambayo Mzee alitaka asikike yeye peke yake. Ulikataa. Wakakutenga, wakakunyang'anya kadi ya meza ya Bwana, ile ambayo bila hiyo mtu hapewi mkate wala kikombe. Uliwapa kwa mikono miwili, kisha ukawauliza kama waongezewe chai.

Miaka mitatu ulikaa benchi la nyuma wengine tukila mkate. Mimi nilikuwa nakula, Mama Njeri. Nilikuwa nakula huku nakuona, na hilo linaniuma kuliko yote waliyokutendea wao.

Kifua kilipokuchukua wakati wa mvua ndefu, Mzee Gathogo alituma neno kwamba aliyetengwa hazikwi na wazee wa kanisa. Nilikuombea mwenyewe kaburini, vibaya, nikasahau maneno katikati. Siku ya tatu Mwalimu Kiprono wa shule ya msingi alikuja kutupa pole. Hakuwa amewahi kuingia kwetu. Aliiona picha akasimama, kikombe mkononi, akasema mnyama huyu yupo, amemwona katika kitabu cha masomo, anaishi nchi za baridi, na pembe za matawi ni zake kweli.

"Si ndio huyu ayala mnaambiwa huko kanisani?" akasema. "Mama Njeri alijua aje?"

Nilitoka nikaenda nyuma ya ghala la mahindi nikalia, kwa sababu habari hiyo ilikuwa imekukosa kwa siku chache tu.

Nilikwenda na Mwalimu kwa wazee. Niliwaomba kitu kimoja: kadi yenye jina lako irudi. Mzee Gathogo alikubali kwamba huenda mnyama yupo, lakini akasema, "Mtu amekufa hana kadi, Baba Njeri. Wacha tuendelee mbele." Kisha, bila haya, akaniambia kanisa jipya la mawe lina ukuta mtupu, na kama ningependa kuitoa ile picha wataipokea. Nilimkodolea macho mpaka akaanza kutafuta fimbo yake.

Majirani wananiambia nimefika. Mahindi yamejaa ghalani, ng'ombe wanakamwa, shamba lina jina langu. Mimi sasa ndiye ninayesimama mbele ya picha yako kila asubuhi, na kile kidole kimoja nakiona. Nina kiu ambayo shamba hili halijaigusa. Ningekuambia haya ukiwa hai kama nisingekuwa mjinga.

Basi wameitaka picha, nitawapelekea. Nimechukua kadi yangu mwenyewe, nimefuta jina langu, nimeandika lako kwa herufi kubwa, na nimeichomeka kwenye kona ya fremu, upande wa mto. Jumapili hii ya meza sitakaa na wanaume. Nitakaa benchi la mbele upande wa akina mama, pale ulipokuwa ukikaa kabla hawajakutoa, picha yako magotini. Kikombe kikituruka, sitaondoka, na meza ijayo nitarudi tukae papo hapo. Wakitaka kututoa, waje wengi, maana fremu ni nzito na mimi sijazeeka kiasi hicho.

Lala salama, mama wa mtoto wangu. Ibada ikiisha nitapita kaburini nikuambie kama tumekunywa.

Mume wako aliyekucheka,
Baba Njeri