Kidonda Ulichotuficha, Baba Libérat

Mwaka mzima umetimia sasa, Baba, tangu tukuzike hapa Sange, na cherehani yako ingali pale mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuikalia.

Ulishona makanzu ya kwaya yote. Ya watoto wa wajane ulishona bure, ukisema, "Kitambaa kilibakia tu." Uongo mtupu! Ulikuwa unakinunua. Jumapili sauti yako nzito ndiyo iliyoanza wimbo, na nyumbani aliyepika ugali mlaini ulimwita fundi wa uji hadi usiku.

Lakini kulikuwa na ule ugoro. Kanisa letu linakataza tumbaku, nawe ulikuwa shemasi. Kila asubuhi ulizunguka nyuma ya nyumba, ukaweka kidogo ndani ya mdomo wa chini, ukarudi ukisalimia watu kama hakuna kitu. Miaka ishirini na miwili.

Kidonda kilipotokea palepale ulipozoea kuuweka, ulisema, "Iko jino tu." Ukakinyunyizia unga wa vidonge vya duka. Miezi ikapita. Mama Pudentienne akakusihi uende kwa Alliance, infirmière, yaani muuguzi wa kituo cha afya. Ukakataa katakata, kwa kuwa Alliance anaimba katika kwaya yako.

"Akiona mdomo wangu ataona na ugoro. Miye nitasimama wapi tena mbele ya watu?"

Ulipokubali kwenda hospitali ya Uvira, hata wali ulikuwa haupiti. Daktari akasema ni kansa ya mdomo, imekwisha kuingia taya na shingo. Angeiona mapema, alisema, pengine angeweza kuitibu. Sauti yako ilitangulia kuondoka, wiki sita kabla yako.

Sasa Mama ametuomba tuseme jambo lisilomtoka moyoni. Alijua, Baba. Kila Jumamosi alizifua peke yake leso zako zenye madoa ya kahawia, ili sisi watoto tusizione. Nasi tuliziona, tukanyamaza. Siku ya maziko Alliance akatuambia, huku akilia, kwamba kwaya nzima ilijua na ilikupenda vilevile. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Sisi tuliokusaidia kuficha, hawakututaja.

Ndugu unayesoma, ugoro si dawa ya jino kama wengi wasemavyo. Achana nao, na sigara, na pombe kali. Kidonda cha mdomoni, uvimbe, au doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili, mwonyeshe muganga wa kituo cha afya. Mfumbulie mdomo hata kama mnasali pamoja.

Wanakukumbuka mke wako Pudentienne; wanao Franck, Chérie na Achille; wajukuu wako, na kwaya yako.

Aibu yako tulikuwa tumekwisha kuisamehe kabla hujaugua. Hatukukuambia tu. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba.