Mumiani Niliyemtunga Mwenyewe

Jumatano, mwezi wa pili, 1987. Joto la kubandua rangi ukutani. Ngumi yangu ya kulia imevimba, naandika kama kuku anayeparua.

Daftari, leo nimemng'oa Kazungu meno mawili. Kazungu huyu huyu rafiki yangu, nyumba kwa nyumba hapa mtaa wa Barani tangu tukitambaa. Na ningemng'oa yote, maana mimi nikikasirika hata jenereta hunywea.

Kazi yangu waijua. Mimi ndiye mwasha jenereta wa kituo cha utafiti, na bila mimi kompyuta yao ni kabati tu. Nimeishia kidato cha pili, lakini madaktari wazima hunisubiri. Mwaka mzima Dakta Halima, mkubwa wetu, ametafuta msomi aliyekwisha kupata udaktari wake wa chuo kikuu, aje apige hesabu za molekuli ndani ya kompyuta: dawa ya malaria inavyong'ang'ania damu, chembe kwa chembe. Waliosoma hayo hukimbilia Ulaya. Mmoja tu ndiye aliyekubali kuja kusailiwa, Dakta Wafula, mtu wa bara.

Jumatatu, kwenye baraza ya muuza kahawa, ulimi ukaniwasha.

"Tunaleta mtu asiye na haja ya sindano," nikawaambia. "Akikutazama tu, damu yako imo kwenye kompyuta."

Kazungu akauliza, "Akishaitazama?"

"Anaitia kwenye kisahani cheusi, anaondoka nayo."

Wakanisogelea wote. Nikanyweshwa kahawa ya bure, nikajiona bingwa.

Sikutamka mumiani. Sikuwa na haja. Hapa kwetu kila mtoto amelazwa kwa hadithi ya mgeni anayenyonya watu damu akauze.

Leo saa nne nilitakiwa nimpokee msomi kituo cha basi. Nilichelewa kwa kinyozi, nataka akute mtu nadhifu. Yeye akachoka kungoja, akaingia Barani kwa miguu akiuliza njia. Watoto wakamzunguka. Masikini, akafungua kisanduku awafurahishe: vitufe vya mbao vimeunganishwa kwa vijiti, umbo la chembe ya damu, na kimoja chekundu katikati. Chini yake vilikuwamo visahani vyeusi vya kuhifadhia kazi za kompyuta.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni.

Nilipofika alikuwa chini, mateke yanamwangukia kama nazi. Mama mmoja anampiga kwa mchi wa kutwangia. Damu inaingia mchangani na watu wanairuka isiwaguse. Kazungu amenyanyua tofali juu ya kichwa cha msomi.

Nikampiga Kazungu ya mdomo. Nilisikia meno yakiachia. Tofali likaniangukia mguuni, nami nikamlalia msomi, wakanipiga mgongo hadi wakachoka.

"Toka, yakhe," walikuwa wakisema. "Si wewe uliyetwambia?"

Hospitalini wamesema taya la msomi limevunjika, na vidole vitatu. Dakta Halima aliketi kando ya kitanda, uso umemwiva kwa machozi. Hakuwa na moyo wa kumsaili.

"Mwanangu, tuwie radhi. Ukipata nafuu nitakurudisha kwenu mwenyewe. Hakuna atakayekulaumu."

Wafula akaomba kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto polepole. Dakta akatusomea: "Kazi naitaka. Ila niwe na kijana huyu aliyenilalia."

Dakta akanishika bega, akaniita simba. Mimi, ninayejisifu hata nikisalimiwa tu, nikatazama sakafu.

Niliporudi nilimkuta Kazungu kizingitini kwao, kitambaa mdomoni. Nilitaka kumtania kuhusu pengo.

"Mimi nilikuwa nalinda watoto," akasema. "Wewe pale kwenye kahawa ulikuwa ukilinda nini?"

Nikaumeza utani, nikaingia ndani. Mimi.

Kesho nitampelekea Wafula uji, maana hawezi kutafuna. Nikimwambia kweli, kwamba uvumi ulitoka kwangu, huenda akaondoka, na Dakta Halima arudi kuandika barua za kutafuta msomi mwaka mwingine mzima. Nisipomwambia, kila siku atanitazama kwa jicho la shukrani, na mimi nitamwashia jenereta nikiona ile damu mchangani.

Nitamwambia. Kisha nitakwenda pale pale barazani, niseme tena mbele ya Kazungu na mapengo yake.

Jumatatu ulimi huu haukuhitaji kubembelezwa. Sijui kesho utataka nini.