Barua Usiyoiandika

Kibokoni, Mombasa
21 Machi 1966

Mpendwa Kaka Faraj,

Assalaam aleikum. U hali gani na mvua za huko Kampala? Wifi na watoto hawajambo? Sisi hatujambo kiasi, ingawa yametupata makubwa wiki jana. Mama yuko hospitali, na yu hai. Nimetanguliza hilo usije ukaanguka.

Jumatatu tumbo lilimshika upande wa kulia, akalificha. Jumatano hakuweza kusimama. Daktari alikuja nyumbani akasema ni kidole tumbo, apasuliwe siku ile ile, kikipasuka chenyewe tumempoteza. Mama akakataa kutoka kabla ya kumaliza eda ya marehemu Baba.

Tukamwita Maalim Badawi. Alimweleza kwa upole kwamba dini inamruhusu mgonjwa kutoka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Faraj amenambia nikae hata eda ishe." Kumbe ni ile barua yako ya rambirambi, uliyoandika hujui lolote la ugonjwa. Alikuwa ameilalia chini ya mto. Na huyu ndiye Mama anayewasuta wanawake wa mtaa mzima kwa kuchelewa kwa daktari.

Kaka, wewe husema mimi huamua kwa machozi, wewe kwa akili. Siku hiyo akili zote zilikuwapo, ya daktari na ya maalim, na Mama alikuwa akitufia machoni. Basi nikaingia jikoni nikaandika barua kwa jina lako, nikasema tarishi kaileta sasa hivi. Herufi za Kizungu hazijui, nikamsomea: "Mama, nenda kapasuliwe, nami nitakuja mwenyewe siku ya kutoka eda." Akataka nirudie. Kisha akasema, "Nipa buibui langu."

Daktari asema tungengoja hadi alfajiri tungemzika. Bado siamini kwamba roho ya mama yetu ilishikwa na karatasi ya daftari. Nimemwongopea mgonjwa, Mungu anisamehe, na ningerudia.

Atatoka eda mapema Mei. Kila anayekuja kumtazama anaambiwa kwamba unakuja, hata muuguzi Truphosa. Shangazi Mwanakuu anakusalimu, ameshaanza kukutandikia chumba. Omba ruhusa kazini leo. Barua niliweza kukuandikia, lakini kuja siwezi kuja badala yako.

Mola akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Swabaha