Jina Lililoandikwa kwa Nibu ya Kioo

Kachibora,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwako ndugu yangu Muturi,

Pokea salamu zetu sote wa huku nyumbani. Natumaini wewe, mke wako Rosaline na mtoto mko wazima, na kile kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi hatujambo. Baba siku hizi anatembea kwa mkongojo, lakini kelele zake hazijapungua hata kidogo.

Najua utashangaa kuletewa barua na simu zipo. Kwa simu ungenifokea kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimeandika barua hii na kumpa jirani yetu Kipkoech, ambaye Jumatano anakuja huko kwenu Kibabii.

Mwezi jana Baba aliitoa ile Biblia ya familia, akasema anataka kumwandika mjukuu wake. Unajua karatasi zake zilivyo nyembamba. Alijaribu kalamu ya kawaida kwenye ukurasa wa mwisho, ikatoboa. Nibu yake ya chuma, ile ya kuchovya winoni, nayo imeshika kutu, inakwaruza na kumwaga wino. Akanituma nikamtafutie nibu ya kioo, kama aliyoiona zamani kwa karani wa kanisa. Nilizunguka Kitale yote. Duka moja walinicheka, ati kioo ni cha dirisha. Mwishowe nikaelekezwa Bungoma, karibu na msikiti, kwa mama anayeitwa Sabiha ambaye huandika kadi za harusi kwa mkono.

Ndiyo, nilikuja Bungoma, karibu kabisa na Kibabii, na sikufika kwako. Usinune bado.

Sabiha aliniuzia moja, lakini hakuniachilia mpaka nijue kuitumia. Alisema nibu hii haitaki nguvu. Unaichovya, wino unapanda kwenye vijifereji vyake, kisha unaacha mkono uteleze. Alinionya nisiigonge kwenye mdomo wa chupa, na kila nikimaliza niioshe kwa maji. Barua hii naiandika nayo, na usiniambie mwandiko haujapendeza.

Jana baada ya kanisa Baba aliketi mezani. Akaifungua Biblia kwenye ukurasa wa majina. Akachovya, akainamia ukurasa, kisha akaniuliza bila kuinua macho kama kweli umemwita mtoto kwa jina la Mama.

Muturi, nilimwambia ndiyo.

Nilijua ukweli. Ulishaniambia kwamba mmemwita Wahu, jina la mama yake Rosaline, kwa sababu ni yeye aliyewasimamia Baba alipokataa kuja harusini. Najua pia kwamba kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, na Baba alikuwa akilingoja jina hilo tangu tumzike Mama. Hiyo ndiyo sababu sikupita kwako. Niliogopa nikimbeba mtoto na kumwita Wahu, nitashindwa kunyamaza nikifika nyumbani.

Basi ameandika Nduta, jina la Mama, kwa herufi nzuri kabisa. Alipomaliza alilia, na mimi sijawahi kumwona Baba akilia, hata kaburini kwa Mama. Karatasi ile ukiikwangua ili kufuta jina, inatoboka. Nimeona aibu tangu jana, na sina wa kumlaumu.

Jumamosi anakuja kwako. Ameamua mwenyewe, na tayari amenituma nimpigie pasi koti. Sikuombi umbadilishe mtoto jina. Wahu ni jina lake, na mama yule anastahili. Naomba kitu kimoja tu: Baba akisimama langoni akaita Nduta, usimsahihishe pale. Mpe mtoto ampakate kwanza. Akishampakata, mwambie ni Wahu, na umwambie ni mimi niliyedanganya.

Msalimie sana Rosaline, na umwombe msamaha kwa niaba yangu mpaka nije mwenyewe. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi dada yako,
Wacuka