Mchimbaji Aliyezikwa Kabla ya Kuaga

Jumatano, baada ya chakula

Vidole vinauma kwa kupukuchua mahindi, na kesho lazima nisimame mbele ya darasa. Mwalimu wa Kiingereza alinipa flashi yenye albamu ya roki ya zamani. Alisema nyimbo zote ni hadithi moja, nikaisimulie. Mimi, ninayetetemeka hata kuitikia jina langu asubuhi.

Nimeisikiliza kwenye sabufa tangu jioni huku nikimtafsiria Mama. Wimbo wa pili, kijana mchimbaji akazikwa. Wa tano, akawa anaaga kwao.

"We Agnesi, huyu si tumeshamzika?" Mama akauliza. "Au ni mzimu?"

Nikamjibu kwamba fasihi ndivyo ilivyo. Nikajaza kurasa mbili kuhusu maisha baada ya kifo! Kumbe mdogo wangu aliiacha sabufa ikichanganya mpangilio wa nyimbo.

Nilitaka kulia. Mahindi ya leo yalikuwa yamekwisha, na Mama hapendi kelele za magitaa. Nikanyoosha mkono kuizima.

Mama akaburuta kiroba kingine cha mahindi, akakiweka katikati yetu.

"Anza mwanzo," alisema. "Nataka kujua kwa nini aliondoka kwao."

Kesho nitaanza na swali hilo, kabla sauti haijakauka.