Imeisha au Haijaisha

Area D, Dodoma
Jumapili, mvua imekatika

Ndugu yangu Nyemo,

Hali yako sikuulizi, maana ya kwako imeshajulikana na ya kwangu utaiona humu. Nimekaa kwenye benchi letu, lile la mguu mfupi tuliouwekea tofali, na banda nimelifunga. Wateja wamegonga mara mbili, nimenyamaza. Leo nina neno na wewe, na safari hii huwezi kunikatiza, ingawa ningetoa chochote nilicho nacho ili unikatize.

Nianze na siku tuliyokuzika. Bahi ilijaa maji mwaka huu, majaruba yote ya mpunga yamefurika, na jeneza lako tulilipitisha juu ya matuta kwa shida. Mimi Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, nilisimama nyuma ya Waanglikana wenu, nikainama walipoinama. Kabla hujashushwa, mjomba wako Mzee Simioni akatangaza kama inavyotangazwa siku zote: "Kama yupo anayemdai marehemu, au marehemu alimwahidi jambo, aje kwa familia aseme. Tusimwache ndugu yetu aende na mzigo." Akasubiri. Watu wakatazamana. Mimi nikatazama tope kwenye viatu vyangu.

Nilimjua mtu mmoja uliyemwahidi. Nilijua jina lake, nilijua anapoishi, na kitu chenyewe nilikijua. Nikanyamaza. Mzee Simioni akasema, "Basi hadaiwi na mtu," na wakaanza kurudisha udongo.

Nyemo, tangu siku ile chakula kinapita kooni kwa kulazimishwa. Mke wangu anadhani ni msiba tu. Msiba upo, nakukumbuka kila nikishika ufunguo wa hili banda. Lakini kuna na aibu, na aibu ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Unakumbuka tulivyoanza? Shirika lilitupunguza, sisi tulioambiwa siku ya kuajiriwa kwamba kazi ile tutazeekea humo. Kila mtu akapewa kiinua mgongo chake na mkono wa kwaheri. Mimi nilitaka tununue mashine ya kusaga. Ukasema, "Idi, kusaga kila mtu anasaga. Watu wamechoka, wanataka kucheza." Ukaenda Dar, ukarudi na televisheni, mashine ya gemu, pedi mbili na kanda moja ya njano iliyoandikwa GEMU 999. Hukupumzika wala kunywa maji, ukachukua brashi ukaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: HAPA GEMU 999.

Zilikuwa nane. Tulizihesabu wenyewe, wewe na mimi, mlango umefungwa. Ukishaivuka ya nane, zinajirudia zilezile, gari lililokuwa jekundu sasa la bluu, jina limebadilishwa, basi. Na yule simba mwenye panga aliyechorwa kwenye jalada hatukumwona ndani ya gemu yoyote mpaka leo.

Hapo ndipo mabishano yetu yalipoanzia, na sidhani kama yaliwahi kukoma. Ulisema, "Sisi hatukudanganya. Sisi tumedanganywa." Nikakwambia, "Dar ulidanganywa. Hapa mlangoni unadanganya mwenyewe." Ukacheka ile cheka yako ya kujishika kiuno, na maandishi hukuyafuta. Benchi zima likaingia kwenye hoja. Lile Bunge la serikali lilikutana kwa msimu, letu lilikaa kila siku. Ni haki adui akuue kabla hujamwona? Umeme ukikatika umebakiza hatua mbili, nani mwenye hasara? Wale waliotengeneza gemu huko kwao, walitengeneza mtu ashinde, au walitengeneza afe ili arudi kesho? Wewe ulishikilia kwamba wametengeneza ufe. "Hizi gemu ni kama shirika letu," ulikuwa ukisema, "zinakuahidi mwisho mzuri ambao haupo."

Ukaandika sheria kwenye kipande cha boksi, ukakigongomea ukutani. Ukifa, unapisha. Umeme ukikatika, zamu yako ipo palepale. Hakuna kulia. Ya mwisho ikanifanya nivimbe kichwa: Neno la Idi ndilo neno.

Sasa nifike kwa Tausi. Najua ungetaka nimruke.

Alikuwa anashona kwenye baraza ya jirani, cherehani ya mtu, kila jioni akimwachia mwenyewe nusu ya alichopata. Mchana, wateja wake wakipungua, aliingia hapa na sentimita yake ya kupimia shingoni. Vidole vile vilivyozoea kupitisha uzi tundu la sindano, pedi viliichukulia mchezo. Wanaume walikuwa wanakufa kwenye daraja la tatu, yeye anafika la sita huku anaulizia bei ya vifungo. Benchi likampa jina la Steringi, na steringi wa filamu hafi.

Siku moja ulimtania. Cherehani ya marehemu mama yako ilikuwa nyumbani kwako imefunikwa kitambaa, mwaka mzima haijaguswa. Ukasema mbele ya watu wote, mkono juu, "Tausi, ukiimaliza gemu hii, cherehani ya mama ni yako." Ulisema hivyo kwa sababu uliamini haina mwisho. Nilikujua. Mtu anayeamini hivyo haahidi, anacheka tu. Lakini Tausi hakucheka. Alikuangalia akauliza, "Kweli, kaka Nyemo?" Nawe ukasema, "Mungu shahidi, na Idi yupo hapa."

Zilimchukua wiki sita. Na siku alipomwangusha yule adui wa mwisho, banda lilikuwa kimya, mpaka feni nilikuwa naisikia. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi meupe, mistari mitatu, yale tuliyoyaita ya Kichina. Yakakaa. Tausi hakubonyeza kitu. Alichomoa chaki yake ya bluu, akachukua karatasi ya kaki ya kuchorea vipimo vya nguo, akayanakili herufi kwa herufi, ulimi umebanwa kwenye meno. Alipomaliza akabonyeza, na gemu ikarudi mwanzo, daraja la kwanza.

Ukaruka. "Imerudi mwanzo! Ingekuwa imeisha ingerudi? Hayo maandishi yanasema hujamaliza, rudia!" Watu wakagawanyika, kelele. Halafu ukanigeukia. "Idi, imeisha au haijaisha?"

Nyemo, nilijua. Macho yangu yalishaona kwamba hakubaki adui wa kupigana naye. Lakini nilikutazama nikaona humuoni Tausi, unaiona ile cherehani ikitolewa nyumbani na mama yako akitolewa nayo mara ya pili. Nikakuhurumia. Nilikuhurumia wewe nikamdhulumu yeye. Nikasema, "Haijaisha."

Hakulia. Sheria ilisema hakuna kulia, na yeye peke yake ndiye aliyeishika siku hiyo. Alichukua ile karatasi ya kaki akaichomeka kwenye msumari wa sheria zako, akasema, "Hapa wamesema neno. Siku mkilijua, mnijulishe." Mwezi haukuisha akahamia kwa shangazi yake kijijini Haneti, kushona kwa kukodi kama alivyokuwa hapa. Wewe na mimi hatukulitaja tena jambo lile. Tulibishana kila kitu chini ya jua, hilo tukaliruka kila siku. Karatasi ikabaki msumarini miaka mitatu, na hakuna kati yetu aliyeitoa.

Baada ya matanga, dada yako Yustina aliniita nimsaidie kupanga vitu vyako. Nilipofika kwenye cherehani akanizuia. Akasema ulipozidiwa, sauti ikikaribia kukatika, ulimwambia, "Ile cherehani msiiuze. Ina mwenyewe." Yustina akadhani unamsema mama. Alilia akinisimulia, eti mpaka mwisho ulikuwa unamwona mama. Nikaketi juu ya gunia la mpunga. Kwa hiyo na wewe ulijua. Ulijua kama nilivyojua mimi, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aseme kwanza. Nilikukasirikia, Nyemo, nikupe ukweli. Nilikukasirikia halafu nikatamani uwe hai nikukasirikie vizuri.

Nikabeba ile karatasi. Nilianza na Wachina wanaojenga barabara, wakaizungusha, wakacheka, wakanirudishia. Nusu ya herufi si zao, wakasema, hiyo ni ya Japani. Miaka yote tunabishana juu ya Kichina ambacho si Kichina! Nikamtafuta yule dada Mjapani anayefundisha hesabu sekondari, anayeongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Akaisoma mara moja tu. Kwanza akauliza aliyeandika alijifunza wapi Kijapani, maana hakuna mstari uliokosewa. Nikamwambia hajui hata neno, ni fundi nguo. Kisha akanisomea, taratibu, nami nikaandika nyuma ya karatasi:

"Umefika mwisho wa njia. Hakuna adui tena. Asante kwa kuvumilia, sasa pumzika."

Hayo tu. Ndugu yangu, kanda ile ilitudanganya idadi, ikatudanganya picha, ikatudanganya majina. Mahali pamoja tu ilisema kweli, na hapo ndipo tulipoiita mwongo, ili sisi tusitimize letu. Sisi tuliolia kwamba shirika limetutupa, tulipopata zamu ya kuwa shirika tulifanya vilevile.

Yustina nilimweleza yote. Akaenda kuleta blanketi lako, akaifunga cherehani mwenyewe. Niliipandisha juu ya basi la Haneti nikakaa dirishani upande wa ngazi ili niione kama itashuka na mwingine.

Nilimkuta Tausi siku ya mnada, chini ya turubai, anapinda suruali za mitumba kwa mashine ya kukodi. Ana mtoto wa kike sasa. Alinipa shikamoo kama zamani, nikashindwa kuiitikia vizuri. Nilimwambia umefariki. Akaacha kukanyaga, akasema, "Mungu amrehemu," na alimaanisha. Nikalifungua blanketi. Alifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akazungusha gurudumu kidogo, akatega sikio. "Imekaa bila mafuta," akasema. Ndipo akaniuliza, bila kuniangalia, "Wameandika nini?"

Nikamsomea. Gurudumu likasimama mkononi mwake.

"Wasionijua walinishukuru," akasema. "Nyie mnaonijua mkasema haijaisha."

Nilimwambia na la makaburini pia, jinsi Mzee Simioni alivyouliza nami nikatazama viatu. Nilimwambia neno lile la haijaisha lilikuwa langu, wewe uliniuliza tu. Mtoto akamjia, akampakata. Mwishowe akasema, "Nenda kawaambie kwao, nimepokea." Hakusema amesamehe. Nami sikuomba, maana ningekuwa nimemwendea na mkono mmoja unatoa na mwingine unadai.

Mambo ya hapa yamebadilika kidogo. Mlango nimeupaka upya, nimeandika HAPA GEMU 8. Wateja walicheka siku mbili, siku ya tatu wakakaa wakacheza. Kwenye boksi lako nimefuta sheria ya mwisho, ile yenye jina langu. Nyingine nimeziacha kwa mwandiko wako, na ile ya kwanza siwezi kuisoma kwa sauti. Ukifa, unapisha. Benchi linaisema mara mia kwa siku, nami kila mara nageuka kuangalia upande wako.

Jumamosi hii naenda Bahi. Nitakaa mbele ya Mzee Simioni na ndugu zako, niseme kwamba alipouliza, yupo aliyejua akanyamaza, na ni mimi. Nitasema ulidaiwa, na kwamba kabla hujaenda ulikumbuka mwenye haki yake, na kwamba amepokea. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na hii sitaiacha msumarini. Wakinifukuza nitaondoka kwa heshima. Wakinikaribisha ugali nitakula, na nadhani utapita.

Kisha nitakwenda pale ulipo, kama maji yatakuwa yamepungua, nisome mistari mitatu kutoka kwenye karatasi ya kaki, kwa sababu sikupata maneno mengine yanayokufaa. Umefika mwisho wa njia, Nyemo. Hakuna adui tena. Asante kwa kuvumilia, sasa pumzika.

Na ukiniuliza tena kama siku ile, safari hii nakujibu kweli. Imeisha, ndugu yangu. Imeisha.

Wako,
Idi