Mita Mia Tatu na Kumi na Moja

Dodoma, 28 Oktoba

Shangazi Kusum, shikamoo. Natumaini baridi ya Leicester haijakubana. Huku vumbi tu, na vitenge dukani vinatoka.

Jana nilimuuliza Babu angependa kusafiri na meli ipi kati ya zile kubwa za zamani. "Queen Mary," akajibu papo hapo. Unajua alikuja kutoka Bombay amelala sitahani. Nikamsomea urefu wa Queen Mary: mita mia tatu na kumi na moja. Hakuamini. Akachukua fimbo ya kupimia vitambaa, tukaanza kuipima barabarani kuanzia mlangoni pa duka.

"Mzee Bhagwanji, hata barabara unauza?" muuza matunda akamtania.

"Napima meli, bwana!"

Kwenye mita ya mia moja niligeuka. Duka lilikuwa dogo kama kiberiti, na hatukuwa tumefika hata katikati. Mwili ulinisisimka. Chuma chote kile kilielea!

Kwenye mia mbili Babu alikaa chini. Daktari anasema moyo wake umechoka sana. Akachora mstari kwenye lami kwa chaki ya kukatia nguo.

"Zilizobaki atapima Kusum."

Tangu uolewe bila baraka yake, hakuwahi kulitaja jina lako.

Mstari bado upo, Shangazi. Njoo kabla ya mvua.

Mtoto wa kaka yako,
Krina